Mahari ya Mama Ilitangulia Yangu

Wiki mbili kabla ya wakwe zangu kuleta mahari, noko alifika kutoka Yanonge akatuvurugia mipango yote. Noko ni kaka mkubwa wa mama, mvuvi, mtu wa maneno machache. Alikula, akanawa mikono, kisha akamgeukia papa, baba yetu.

"Shemeji, mbuzi za mutoto utapokea namna gani? Za mama yake haujatoa."

Papa alicheka akidhani ni utani. Noko hakucheka. Alieleza taratibu kwamba miaka thelathini iliyopita papa alipeleka kreti moja ya bia na ahadi, akamchukua mama, akaja naye Kisangani, na ahadi ikalala. Kwao mwanamke asiyetolewa mahari bado ni wa kwao, na watoto wake vilevile. Basi mbuzi wangu wangepandishwa boti hadi Yanonge.

Papa alikasirika. Alisema amebeba mizigo Bangboka, kwenye uwanja wa ndege, mpaka mgongo umepinda, na yote kwa ajili ya mwanamke huyu. Atoe mahari gani tena? Mama alikuwa nyuma ya nyumba akigeuza samaki kwenye moshi, kama hasikii. Samaki hao ndio waliotusomesha sote watano. Kesho yake asubuhi alifunga vikwembe viwili, vitenge vya kujifunga, ndani ya mfuko, akamwambia papa kwamba anakwenda kwa mdogo wake Lubunga, ng'ambo ya mto, na anayemtaka anajua pa kumwombea.

Nakiri kwamba nilifurahi. Sikuwahi kumwona mama akiondoka nyumbani bila beseni la samaki kichwani.

Siku ya tatu papa alishindwa. Alituita sebuleni, akasema kwa sauti ya chini, "Munisindikize kwa bakwe."

Hatukungoja arudie. Ndugu zangu walikwenda sokoni, wakarudi na mbuzi wawili, dume na jike, chumvi, panga, blanketi na koti la noko. Jumamosi tulimfunga mbuzi mmoja nyuma ya toleka, baiskeli ya kubeba abiria, naye akapiga kelele njia nzima ya Makiso hadi bandarini. Watu waliuliza nani anaoa. Nilijibu kwamba ni papa yetu. Walipouliza anamwoa nani, nikasema mama yetu, nao wakatufuata wakicheka mpaka ukingoni. Ndani ya mtumbwi papa alikaa wima katika suti yake ya kanisani, amekumbatia mfuko wa chumvi kama mtoto mchanga.

Kwa mama mdogo tulisimamishwa mlangoni kwanza, mpaka tukatoa kinywaji cha kufungulia. Ndani mama alikaa kwenye mkeka kati ya ndugu zake, kichwa kimefunikwa kikwembe kipya, kucha zimepakwa rangi nyekundu. Noko, aliyemfuata huko, alikagua mali, akamuuliza mama kama waipokee. Mama akaitika. Akauliza mara ya pili, akaitika. Mara ya tatu mama alinyamaza.

Kisha akajifunua kikwembe.

"Miaka yote hii hakuna mutu aliniuliza kama ninataka," alisema. "Leo munaniuliza mara tatu. Muniache kidogo nisikie vizuri."

Papa akasimama.

"Ni mimi nilipashwa kuuliza," alisema. "Mama ya batoto, unataka kurudi na mimi?"

Mama alimtazama mpaka mdogo wake akamgusa kiwiko. Kisha akamwambia noko wapokee, lakini yule mbuzi jike atakuwa wake yeye mwenyewe. Noko alijikuna kichwa, akasema desturi haijui jambo hilo. Mama akamjibu kwamba desturi pia haikujua bibi harusi mwenye mvi. Noko mwenyewe ndiye aliyeanza kucheka, na hapo nyumba nzima ikalipuka kwa vigelegele. Tulikula samaki wa liboke, walioivishwa ndani ya majani, na pondu ya majani ya muhogo, tukacheza mpaka viatu vikatushinda.

Kesho yake wadogo wa mama walimvusha mto wakiimba. Papa alikuwa akimngoja ukingoni upande wetu tangu asubuhi, na mwavuli wa kuazima.

Jumamosi iliyofuata wakaja wakwe zangu, wafanyabiashara waliotoka Butembo, na mbuzi wao kwenye pikapu. Mama hakuwa jikoni. Alikaa kwenye kiti kando ya papa, mbele ya wageni, akauliza maswali yake: kama nitaendelea na kazi yangu ya utafiti wa mbegu kule Yangambi, na nani atanitunza nikiugua. Baba mkwe aliyajibu moja baada ya jingine, kwa adabu. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nikirukaruka kwa furaha, hadi mama mdogo akanishika mabega na kuninong'oneza kwamba watu wanaona miguu yangu.