Nani Alipukutisha Mtufaha Wangu

Siku yangu ya kwanza kitaluni Timboroa, Bwana Meneja hakunisalimia. Alinikabidhi mche wa mtufaha akaniuliza kama umebebeshwa. Niliona utepe umefungwa shinani, nikasema ndiyo. Akaufungua. Chini yake hakukuwa na kitu.

"Kijana, usiamini utepe," alisema. "Tafuta kovu."

Tangu hapo sikumwamini mtu. Kubebesha ni kuunganisha kijiti cha mti mzuri, tunachokiita kikonyo, na shina la mti mgumu. Pale panapoungana hubaki kovu. Wateja wa huko juu kwenye baridi walitaka mapapai. Nikiwaambia kwamba sakitu, ule umande unaoganda alfajiri, itayaunguza, walidhani nawafichia miche. Niliwapa miche ya plamu, pea na matufaha, na hata hiyo niliiacha kwanza nje ipigwe na baridi. Mche uliodekezwa chini ya nailoni haukutoka kwa mkono wangu.

Baadaye nilihamishiwa Eldoret, chini ya Afisa wa Kilimo, kufundisha watu wenye bustani za nyumbani. Niliwaeleza kwamba baridi yetu haitoshi kuulaza mtufaha usingizi, kwa hiyo baada ya mavuno unaupukutisha majani yote kwa mkono, ndipo uchanue upya. Walicheka sana. Mama Achieng, mwalimu kutoka upande wa ziwa na jirani yangu hapa mtaani Langas, hakucheka.

Nilistaafu nikiwa na mtufaha mmoja tu uani, tulioupanda na marehemu mke wangu. Mama Achieng aliniomba kikonyo, nikamnyima. Leo kikonyo, kesho atafungua kitalu, nilijiambia.

Mwaka jana mgongo ulinilaza hospitali. Niliporudi, mti ulikuwa uchi, hauna jani. Mwizi wa vikonyo hutoa majani kwanza, kisha hurudi na kisu, na aliyevitaka vikonyo vyangu nilimjua. Kila asubuhi nilikagua tawi moja moja nikitafuta palipokatwa. Sikuona, nikasema bado anajipanga. Mama Achieng alipokuja kunijulia hali, nilimfungia mlango. Mti ule ndio uliobaki wa mke wangu, na niliogopa kuupoteza kuliko nilivyoogopa mgongo.

Kisha ukachanua, maua meupe hadi kileleni. Nikajikokota hadi kwake, nikamuuliza kama ni yeye.

"Ni mimi, Mzee. Wakati wa kupukutisha ulikuwa unapita na wewe uko hospitali. Nilikuja kukuambia, ukanifungia mlango."

"Ungeomba ruhusa kwanza."

"Ungenipa?"

Nisingempa, na sote wawili tulijua. Niliona haya mpaka nikashindwa kuinua uso.

Nilimkatia vikonyo viwili mwenyewe, na kimoja kimeshika vizuri kwake. Msimu huu kazi ya kupukutisha nimemwachia yeye. Mimi naweka kiti karibu na mti, nakunywa chai, na macho siyatoi kwenye mikono yake.