Mkwe, Mama Mkwe na Mlango wa Uani

Uani kwa fundi cherehani, hapa Kasongo, tulikuwamo watano: fundi mwenyewe, mke wake, mama mkwe wake aliyekuja kutoka Kabambare, jirani muuza chumvi, na mimi niliyepeleka suruali. Mama mkwe alikaa jikoni peke yake, maana desturi haimruhusu mkwe kumkaribia.

Ghafla moto ukashika paa la nyumba! Njia ya barabarani, iliyopita ndani ya nyumba, ikawaka, ukabaki mlango mwembamba wa jikoni tu katika ukuta wa ua. Mama mkwe akauzuia kwa mgongo usijifunge, akatusukuma nje mmoja mmoja. Fundi akasimama katikati ya ua, cheche zikimwangukia.

"Pita, mukwe!"

"Hapana, mama! Nitakugusa!"

"Mutoto wangu aliolewa na weye, hakuolewa na heshima! Usipopita, mimi pia sitoki."

Kisha akajifunika kitenge kichwani mpaka kiunoni. "Haya, hapa hakuna mutu. Iko ukuta tu. Pita!"

Fundi akapita mbio, mama akamfuata, paa likaporomoka. Tulishangilia mpaka sauti zikakauka!

Sasa serikali inataka kila ua uwe na milango miwili. Ni sawa, mmoja uwe wa wakwe.

Mama yule alifariki Jumapili iliyopita, huko kwao Kabambare.