Daktari wa Samaki Waliovimbiwa

Yule mama muuza samaki wa mapambo huulizia choo cha samaki wako kabla ya salamu, huku akijipapasa tumbo kana kwamba ndiye aliyevimbiwa. Nilimpelekea samaki wa marehemu mke wangu, ndiye pekee aliyebaki nami nyumbani. Alikuwa ndooni, kwenye maji yake ya chumvi, kajaa kama puto. “Babu, unamlisha nini?” Nikamwambia, “Mkate. Ninachokula mimi.” Akashika kiuno. “Mkate! Huyu wa baharini, ngano kaijulia wapi?”

Akatoa njegere kwenye sahani yake ya chakula cha mchana, akaimenya kwa kucha, akamlisha. Tukaikodolea ndoo mpaka alasiri. Samaki alipoachia uzi mrefu wa kinyesi, mama akapiga vigelegele, wateja wakashtuka. Kisha akanigeukia. “Na wewe, babu, tangu bibi aondoke ni mkate tu?” Nikainamisha kichwa. Akanisogezea sahani yake, akanisimamia mpaka nikamaliza.