Mapazia Yasiyopepea

Wiki ile cherehani ya fundi ilinyamaza, na kichochoro kizima kikawa kama nyumba iliyohamwa. Redio ilikuwa imetangaza kwamba noti kubwa zinaondolewa. Mwezi ukiisha zitakuwa karatasi tu. Wauza jumla wakazikataa siku hiyo hiyo. Noti ndogo zikaadimika, kila aliyekuwa nazo akazikumbatia, na sare za shule alizoshona fundi zikabaki zimening'inia ukutani, wenyewe hawana cha kuzikombolea.

"Fundi, chukua hii kubwa, chenji baki nayo," mteja mmoja alimtania kutoka mlangoni.

"Nibaki nayo nifungie karanga?"

Fundi alicheka, lakini noti kubwa alikuwa nazo yeye mwenyewe. Kwa miaka mingi, kila vijisenti vyake vilipofika kiasi, alivibadilisha kuwa noti moja kubwa, akaikunja na kuishonea ndani ya pindo la mapazia ya chumbani. Alikuwa akitafuta cherehani ya umeme na kibanda chake mwenyewe. Mumewe, mchukuzi wa mizigo sokoni, hakuambiwa. Hakuwa mtu mbaya. Tatizo ni kwamba kaka yake akikohoa tu, yeye tayari mkono mfukoni.

Sasa benki ilibadilisha kiasi kidogo kwa kila mtu, mara moja tu, kwa kitambulisho. Peke yake fundi angeokoa nusu. Nusu nyingine ilihitaji kitambulisho cha mumewe.

Jioni alimkuta ameketi kitandani, anakanda bega. Fundi alishusha pazia, akaliweka mapajani, akaanza kufumua. Noti ya kwanza ikadondoka. Hakuweza kuinua uso.

"Baba watoto, kuna jambo nimekuficha."

"La mapazia?"

Mkasi ukasimama.

"Mke wangu, pazia gani upepo unavuma nalo limetulia tuli? Na mvua zote hizo, unadhani nani alikuwa anakimbilia kufunga dirisha yasilowe?"

"Ulijua, ukanyamaza?"

"Ningelitaja hata mara moja, kaka angelisikia. Najijua mimi."

Machozi yakamlengalenga fundi, akayafuta kwa pazia.

"Wee! Unalowesha mtaji!"

Kesho yake walipanga foleni toka alfajiri, yeye upande wa wanawake, mumewe wa wanaume. Fundi alitoka kwanza. Aliposimama ng'ambo ya barabara kumsubiri, akamwona shemeji yake amemshika mumewe mkono pale mlangoni, anamnong'oneza. Mumewe aliinamisha kichwa, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akajinasua taratibu, akavuka barabara, akamkabidhi noti zote.

"Nimemwambia ni za mke wangu."

"Amekasirika?"

"Sana."

Fundi alimshika mkono wa lile bega bovu, asiuachie mpaka nyumbani.

Mwezi ule kila aliyepata muuzaji wa kuzipokea noti kubwa alinunua chochote ilimradi azimalize, bei zikaruka, na cherehani mpya ikawashinda. Leo fundi yuko sokoni, kibanda cha pili kutoka lango kuu. Anashonea cherehani ya umeme ya mitumba.