Bonde la Barafu Ndani ya Mzinga

Nilipopewa mada ya somo langu la majaribio nilicheka, nikalia kidogo, nikacheka tena. Nilikuwa nasomea ualimu Tabora, Waingereza wangali wakitawala, na jaribio la kwanza nilikuwa nimeshindwa kwa sababu sauti ilinikauka mbele ya mkaguzi. Hili la pili ndilo lililokuwa la mwisho. Nikishindwa, narudi Tura kwa wazazi wangu kupalilia karanga. Na mada yenyewe: jinsi barafu ilivyochonga bonde la mto wa mlimani.

Barafu, Tabora! Nchi yetu ni tambarare, miombo mpaka macho yachoke, na mito yetu nusu ya mwaka ni njia za mchanga. Watoto wa darasa la sita niliopangiwa kufundisha, kule mtaa wa Ng'ambo, walijua mvua ya mawe tu, ile inayookotwa uani na kuyeyukia mdomoni kabla hujaionea raha.

Lakini nilipoisoma sura ile ya jiografia, moyo ulianza kunienda mbio. Kumbe barafu hutembea! Hujaa bondeni, nene kuliko urefu wa mnara wa kanisa, ikashuka polepole kuliko kivuli, mawe yamekwama tumboni mwake, inakwangua mlima huku inakwenda. Mto peke yake huchimba bonde jembamba, kama ufa. Barafu ikilipitia hulipanua, ikalikwangua chini na kando mpaka likawa la mviringo, laini, kama... Niliinuka kitini. Kama nusu ya mzinga wa nyuki!

Mjomba wangu wa Isikizya alikuwa mrina asali. Mizinga yake ilikuwa magogo aliyoyapasua katikati, akayachimba kwa tezo, kisha akayafunga pamoja. Nilimkuta uani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Wamekufukuza?"

"Bado."

"Basi umekuja kufuata nini?"

"Nusu mzinga. Na asali iliyoganda, ile ngumu kabisa."

"Nusu mzinga! Nyuki gani atakaa nyumba isiyo na paa?"

Nilimweleza habari ya barafu, kwa pupa, mikono ikiruka hewani. Alisikiliza hadi mwisho, akaingia ndani, akatoka na gogo.

"Wakikufukuza," alisema, "mzinga wangu urudi nao."

Nikarudi mjini na gogo kichwani na mtungi wa asali mkononi. Langoni mwa chuo alisimama mwanafunzi mwenzangu, Mzaramo, kwa hiyo mtani wangu tangu enzi za misafara, kabla hatujazaliwa.

"Haya, Mnyamwezi kabeba tena!" alipiga kelele. "Babu zenu walileta pembe pwani, wewe leo unaleta mlima!"

"Na nyie wa pwani kazi yenu ilikuwa kukaa mkingoja mizigo. Shika huku!"

Alishika, akicheka.

Siku ya somo tuliingia darasani alfajiri, mimi na yeye. Ilikuwa kipupwe, asali imeganda kama jiwe. Nililiinamisha gogo juu ya meza, nikatandaza ndani yake udongo laini wa mfinyanzi, kisha nikaweka juu kabisa bonge la asali nililolichanganya na kokoto. Kadiri hewa ilivyopata joto, bonge lilianza kushuka. Lilitembea! Nilishika mdomo nisipige vigelegele. Lilisukuma kokoto mbele yake, likauchora udongo mistari. Saa ya kwanza ya masomo ikikaribia lilikuwa limefika katikati, zuri, jeupe, barafu tupu.

Mkaguzi hakuja. Alikuwa darasa jingine, na watoto wangu waliambiwa wangoje nje hadi afike. Jua likapanda, likaingia dirishani, likatua juu ya meza yangu. Barafu yangu ikalegea, ikang'aa, ikaanza kutiririka. Nilijaribu kuikinga kwa khanga. Haikusaidia. Asali ilidondoka na kokoto kadhaa kwenye karai chini ya gogo, na nyuki wakaanza kuingia mmoja mmoja.

"Tura hiyo," mtani wangu alinong'ona, na safari hii hakucheka.

Nilitaka kulifunika gogo lote. Nikainama nilichukue, ndipo nikaona. Kokoto nyingi zilikuwa zimebaki. Zimelala tuta, zimejipinda kama nyusi, pale pale barafu ilipokomea. Mistari ipo udongoni. Na katikati ya bonde pana kulipita uzi mwembamba wa asali: mto! Hivi ndivyo mabonde yale yalivyo leo. Hakuna aliyeiona barafu, watu waliona ilichokiacha.

Mkaguzi aliingia pamoja na watoto. Alikuwa Mzungu mrefu. Aliwatazama nyuki, akabaki karibu na mlango.

"Barafu yako iko wapi?" aliuliza.

"Imeondoka, bwana," nilisema, na sauti haikukauka. "Watoto, kuna kitu kilipita humu. Msiguse. Niambieni kilikwenda wapi."

Waliizunguka meza. Watoto wa warina asali hawaogopi nyuki. Walisogea taratibu, hakuna aliyepunga mkono.

"Kilitoka juu, mwalimu. Mikwaruzo inashuka."

"Kilikuwa kizito!"

"Kilijaa mpaka hapa, tazama ukingo unavyonata."

"Kilifika kwenye mawe, kikafa."

"Hakikufa, wewe! Kiliyeyuka."

"Na mto huu mdogo," niliuliza, "ndio uliochimba bonde?"

Kelele! Wote walisema kwa pamoja, hadi binti mmoja akawashinda kwa sauti: "Mwembamba huu? Umerithi nyumba tu, mwalimu! Mjenzi alishahama."

Mkaguzi alikuwa ameshausahau mlango. Alikuwa ameinama juu ya tuta la kokoto, nyuki katua begani mwake, naye hana habari.

"Usilisafishe," alisema hatimaye. "Darasa la saba walione pia. Wafundishe wewe."

Sikuelewa mara moja kwamba nimefaulu. Mtani wangu alinibana mkono hadi ukauma.

"Na mzinga wa watu utarudi lini?" alininong'oneza.

Nilicheka, nikamwonyesha watoto. Watoto walikuwa wamepewa ruhusa ya karai, na kila mmoja alikuwa akilamba kokoto yake, akiiinua juani kutafuta mikwaruzo.