Luteni, Rubani na Sahihi Yangu

Nakumbuka Jumanne moja hapa Barking, kwa Waingereza, nilipoonywa na bibi wa miaka tisini na mitatu, amelala kitandani, shavu limemvimba kwa sababu yangu. Mwanangu, usicheke nikikuita mwanangu. Nina miaka thelathini, na huo ujana ninaokuhadithia ni wa miaka mitatu tu iliyopita. Lakini wiki jana nimemsikia binti mmoja, mgeni katika kazi yetu hii ya kutunza wazee, akijigamba kwamba karatasi za dawa za siku nzima anazisaini akiwa ndani ya basi. Wenzake wakacheka. Mimi niliacha chakula kwa hasira. Kwa hiyo nawe unayeanza kazi hii, kaa usome. Leo mzee ni mimi.

Bibi huyo aliitwa Edith. Waingereza wenzake walimwita Edith kavukavu. Mimi mtoto wa Tanga ulimi ulikataa, nikamwita Mama Edith, naye akapenda. Nilikwenda kwake asubuhi na mchana: kumwogesha, kumpa chai, kumpa dawa za moyo, kisha kutia sahihi kwamba amezimeza. Na kila siku alinihadithia habari za baba yake, aliyekuwa ofisa wa jeshi la majini zamani, kabla ya vita vikuu vya kwanza. Nakwambia kweli, basi lilikuwa linaniacha kwa ajili ya yule baba.

Aliingia chuo cha jeshi akiwa na miaka kumi na mitatu, akafundishwa nyota, hesabu na kamba. Hata ndevu hazijaota yuko baharini, analala kwenye machela iliyoning'inizwa, anapanda mlingoti kwenye baridi mpaka vidole vinakufa ganzi. Akafika Malta, akafika China, akapata uluteni, kisha akapangiwa meli ndogo ya kupima bahari na kuchora ramani. Bahari ya wapi? Ya Pemba, mkabala na kwetu Tanga! Siku aliyoniambia hivyo nilibaki nimesimama na sabuni mkononi. Nikamuuliza, na baba yako alialikwa na nani? Akacheka mpaka akakohoa. Akasema hakualikwa na mtu, na uzeeni mwenyewe alikiri.

Sasa kosa langu. Nilikuwa na mtoto wa miezi minane, usingizi sina, kila dakika naiwinda. Jumamosi moja nilitia sahihi ya asubuhi, na papo hapo nikatia na ya mchana, nikijua saa saba nitarudi mwenyewe. Tulikuwa wengi tukifanya hivyo. Mara ofisi ya kampuni yetu ikapiga simu: mchana niende kwa mzee mwingine, kwa Mama Edith ataenda Mwende. Mwende ni Mkamba wa Kitui, mwangalifu kuliko mimi mara kumi. Alipofika akakuta Mama Edith amesinzia na sahihi ipo, akadhani nimepita kabla yake. Dawa zile kuzitoa mara mbili ni hatari, akaziacha. Jioni Mama Edith akaona kizunguzungu, akaanguka akielekea chooni.

Wakampeleka hospitali, akarudi Jumatatu. Ofisini walishaangalia ratiba tangu Jumapili: mchana ulikuwa wa Mwende. Sahihi yenyewe ni mkwaruzo usiosomeka. Wakasema Mwende amesaini dawa ambayo hakuitoa. Mwende akakana, nani amsikilize? Akaitwa kwenye kikao Jumatano, saa nne asubuhi. Akifukuzwa, na viza yake imefungwa kwenye kampuni hiyohiyo, ni kurudi Kitui. Na mimi nilijua, mwanangu. Nilijua tangu dakika ya kwanza. Viza yangu nayo ilikuwa mikononi mwao, nikanyamaza. Nikawa namchemshia Mwende chai na kumwambia pole.

Basi Jumanne naingia kwa Mama Edith, namkuta shavu limekuwa jeusi. Hakuuliza hali ya mtoto wangu kama kawaida yake. Akaniambia niketi, akaanza kunimalizia habari ya Pemba.

Meli ile ilikuwa na rubani Mpemba, mtu mzima, anayeijua ile miamba kama unavyokijua chumba chako gizani. Alimwambia Luteni wangoje maji yajae. Luteni alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, ana haraka, ana ramani aliyoichora kwa mkono wake. Akaamuru waende. Meli ikapanda mwamba, ikakwaruza chini nzima, vyombo vikamwagika, watu wakaanguka. Maji yalipojaa wakainasua, lakini tumbo limechanika. Sasa kila ofisa melini alijua litakalosemwa: rubani kapotosha. Ndilo lililokuwa jepesi. Rubani angefukuzwa, na pwani nzima asingepewa chombo tena.

Luteni akashtakiwa, na jeshini walikuwa na desturi yao. Ofisa akishtakiwa, upanga wake unalazwa mezani mbele ya wanaomhukumu, naye anatolewa nje wakishauriana. Akiitwa tena, anautazama upanga kabla ya kutazama uso wa mtu. Akikuta ncha inamwelekea yeye, amekwisha patikana na hatia. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, kama mimi ndiye ninayesubiri mlangoni.

"Akajiteteaje?" nikauliza.

"Hakujitetea. Alisema, rubani alinionya, sikumsikiliza. Aliporudi ndani, ncha ilikuwa inamwangalia."

Rubani akabaki na kazi yake. Luteni akarudishwa nyuma, wenzake wakampita kwa vyeo mmoja baada ya mwingine. Vita vilipokuja alipewa meli ndogo katika bahari ya baridi huko kaskazini, akawa anaokota mabaharia majini, wake na wa adui. Alistaafu akiwa nahodha tu, hakufika ngazi ya juu kabisa. Sikumsifia kwa kila jambo, bahari yetu haikumwomba aje. Lakini kwa hilo moja nilimvulia kofia.

Ndipo Mama Edith akanigeukia na shavu lake lile. Alisema kwa Kiingereza chake, mimi nakuandikia kwa chetu.

"Nilikuona Jumamosi asubuhi ukiandika mara mbili. Nimengoja uniambie. Ofisi yenu imeniambia kesho wanamwita Mwende. Saa nne kamili nitawapigia simu. Ukiwahi wewe kusema, litakuwa neno lako. Nikiwahi mimi, litakuwa langu."

Niliinuka nikachota maji. Nikamwosha, nikampa dawa, nikatia sahihi moja.

Jumatano nikatoka na mtoto mgongoni. Basi likakwama kwenye foleni, nikashuka, nikakimbia. Nilikimbia Barking nzima, watu wananipisha, mtoto anacheka akidhani ni mchezo. Nikapanda ngazi za ofisi mbili mbili, nikafungua mlango bila kubisha. Mwende amekaa mbele ya meneja, leso imelowa.

"Sahihi ya mchana ni yangu," nikasema. "Niliiandika asubuhi, kabla ya dawa. Mwende hajagusa ile karatasi."

Meneja akaniuliza kama najua ninachokisema. Nikasema ndiyo. Simu ya mezani ikaanza kuita. Alipoipokea, akawa anasema ndiyo, ndiyo, ameshafika, ameshasema.

Mwende akaikunja leso yake. "Siku nne, Mwanaidi. Siku nne nimelia, na wewe unaniletea chai?"

Mwende akabaki na kazi. Mimi nikapewa barua kali ya onyo na kuondolewa kwenye dawa miezi sita, nikawa wa kufua na kupiga deki. Hawakunifukuza, na hadi leo sijui kwa nini. Mama Edith ameshafariki. Mwende siku hizi ndiye anayewafundisha wageni, na tukikutana ananisalimia. Nyumbani kwangu hajaingia tena, wala simlaumu.

Mwanangu, nasaha yangu ni hii, sina maneno matamu ya kuipaka. Usitie sahihi yako kwenye kazi ambayo hujaifanya, hata umechoka vipi, hata wote wanafanya. Na ukishakosa, sema kabla hajaulizwa mwingine. Usingoje ukumbushwe na mgonjwa uliyemwangusha, kama mimi. Kila siku unayonyamaza kuna mtu anailipa, na mara nyingi ni yule aliyekuja juzi, asiye na wa kumsemea.

Mungu akupe mkono mzito wa kusaini na mdomo mwepesi wa kukiri. Wazee unaowatunza walale salama, na asubuhi uwatazame usoni bila haya. Amina.