Chupa Mbili Kabla ya Mlima wa Bura

Wayua alikanyaga mafuta, injini ikanguruma, lakini gari halikusonga. Akakanyaga tena. Injini ikalia kama ng'ombe aliyenaswa mguu, magurudumu yakakaa kimya juu ya vumbi jekundu kana kwamba hayamjui. Na nyuma yake, ndani ya jeneza, alikuwa Mzee Mwandawiro, aliyekuwa akirudi kwao Bura kuzikwa.

"Mama Kiilu, kuna nini?" aliuliza Vincent, mtoto wa kwanza wa marehemu, aliyekaa kiti cha mbele na suti yake nyeusi.

"Weka mawe nyuma ya magurudumu," Wayua alisema. "Haraka, tusirudi nyuma."

Gari lake kukwama na maiti? Haikuwahi kutokea. Voi yote ilimjua kama dereva asiyelaza maiti njiani. Zamani alibeba nyanya kutoka Chala, hadi siku ile mwenye gari mmoja alipokataa kumbeba mtoto mchanga aliyefariki, akisema gari lake litapata mkosi. Wayua alishusha kreti zake pale pale kando ya barabara, akambeba mtoto huyo hadi kwao na mamake akiwa amemshika mwanawe mkono. Tangu hapo, mtu akifiwa, wa kwanza kupigiwa simu baada ya pasta ni yeye. Redio hafungui, honi hapigi, na kabla ya kuwasha gari humwambia marehemu polepole, "Haya, twende nyumbani." Hiyo ndiyo kazi iliyomsomeshea mwanawe Kiilu.

Sasa gari limekwama katikati ya mlima, na yeye alijua kwa nini. Alijua palepale, kabla hata vumbi halijatua.

Mambo yalianza na tanki. Mwezi uliopita injini ilikuwa ikikohoa asubuhi, na fundi wake, Sylus, akamshauri amimine chupa moja ya dawa ya kusafisha nozeli ndani ya petroli. Alimimina, na kweli kikohozi kikaisha. Basi gia zilipoanza kuchelewa kushika, naye akaona jibu analo. Sylus akamkatalia kabisa.

"Hapana, Mama Kiilu. Dawa ya tanki inaungua na mafuta, inaenda zake na moshi. Ukiweka kitu kwenye gia boksi, kimekaa humo. Leta gari nipime oili kwanza, nione kama inavuja."

"Kwa hivyo chupa moja inaponya injini, gia boksi ndiyo ina kiburi?"

"Si kiburi, mama. Ni kitu kingine kabisa."

Wayua alimwona Sylus kama daktari anayetaka kupasua mgonjwa wa mafua. Asubuhi hii, sokoni Voi, akampata kijana mwenye kipaza sauti aliyekuwa akiuza dawa ya gia boksi na kuapa kwamba gari litapanda mlima kama mbuzi. Akanunua chupa mbili, moja ya tambarare, moja ya mlima. Akazimimina zote bila hata kuchomoa kijiti cha kupimia oili. Kutoka Voi hadi Mwatate gari lilikuwa laini kama siagi, hata akatabasamu peke yake akipita mashamba ya mkonge.

Sasa hakukuwa na tabasamu.

Mlango wa nyuma ulifunguka. Shangazi Tryphena, dadake marehemu, aliyekuwa ameketi kando ya jeneza pamoja na Wakesho, akashuka na leso yake mkononi. Hakuangalia injini. Hakuangalia magurudumu. Aliliangalia jeneza.

"Amekataa," akasema.

"Shangazi, nadhani ni gari," Wayua alijaribu.

"Gari lako halijawahi kukwama, Mama Kiilu. Si wewe mwenyewe husema hivyo? Limekwama leo kwa nini? Ndugu yangu hataki kuingia nyumbani. Kuna mtu hapa anaficha kosa alilomtendea."

Watu waliokuwa wakipalilia mboga shambani wakaanza kutoka mmoja mmoja, majembe mabegani. Hakuna aliyeuliza kuhusu injini. Mwanamume mmoja alivua kofia, mwingine akatikisa kichwa: "Mficha maradhi, kilio humfichua."

Wayua alifungua mdomo aseme. Akaufunga. Akisema, nani atampa tena maiti wake? Nani atamkabidhi mamake mtu aliyelinywesha gari dawa za kipaza sauti? Akajiambia gia boksi itapoa, wataondoka, na mambo yataishia hapo.

"Vincent," Shangazi aliita. "Wewe ndiye mkubwa. Zungumza na baba yako."

Vincent alicheka kidogo, kicheko cha mtu wa mjini. Halafu akaliona jeneza, na kicheko kikamfia mdomoni. Na mbele ya macho ya watu wote, mwanamume huyo mzima akapiga magoti vumbini na suti yake.

"Baba," akasema, "lile shamba la chini kule Mwatate… nimeliuza. Ulipokuwa wodini hospitalini, umelala, nilikushika kidole gumba nikakiweka kwenye wino, kisha kwenye hati. Nisamehe baba. Niruhusu tu tufike."

Jamani! Wakesho alijishika mdomo. Shangazi aliyumba, akashika mlango wa gari asianguke. Wayua alikuwa ametia chupa mbili ndani ya gia boksi, na tazama kilichotoka upande wa pili!

"Washa," Shangazi alisema kwa sauti ya chini.

Wayua akawasha. Akaweka gia, akakanyaga taratibu.

Gari likaenda.

Kwa kweli lilikwenda! Wale wa majembe wakapiga makofi, mmoja akasema "Asante Yesu." Vincent alilia mwili mzima ukitikisika. Wayua peke yake ndiye aliyejua kwamba kilichotokea ni gia boksi kupoa. Oili ilikuwa imetulia kidogo wakati Vincent akitubu, basi. Lakini nani angemwamini sasa, baada ya muujiza?

Wakapita kona moja. Wakapita ya pili. Kwenye ya tatu, penye mwinuko mkali kuliko yote, injini ikanguruma tena kwa kelele na gari likasimama.

Wote wawili, Vincent na Shangazi, waligeuka wakati mmoja wakamtazama Wakesho.

Huyu Wakesho ndiye kitinda mimba. Ndiye aliyeacha kazi ya duka akamuuguza babake hadi pumzi ya mwisho, akimgeuza kitandani, akimlisha uji kwa kijiko. Wayua alikuwa amemwona pale mochari asubuhi, akikinyoosha kitambaa juu ya jeneza kama mtu anayemfunika mtoto asipate baridi.

"Amebaki nani?" Shangazi aliuliza. "Vincent amesema lake. Wakesho mwanangu, ulimfanya nini baba yako?"

"Mimi? Sikumfanya kitu, Shangazi."

"Mbona gari limesimama?"

"Sijui!"

"Sema tu, dada," Vincent akadakia. "Mimi nimesema, na unaona sijafa. Ulikuwa naye peke yako usiku na mchana. Nani anajua?"

Wale watu wa shambani walikuwa wamefuata kwa miguu, sasa walikuwa wengi zaidi. Mwanamke mmoja alimnong'oneza mwenzake, si kwa kunong'ona kwa kweli, "Huwa ni yule mnyamavu." Wakesho aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akamtafuta mtu mmoja tu wa kumtetea. Hakumpata.

"Labda…" alianza. "Labda ni ile asubuhi. Alisema kifua kinamuuma, nikamwambia angoje nimalize kufua. Labda ningempeleka hospitali mapema. Labda ni mimi nili…"

"Nyamaza!" Wayua alipiga kelele.

Hakujua kama sauti ile ni yake. Aliona wazi kabisa kitakachofuata: msichana huyu atamaliza sentensi yake, gari litapoa, litaondoka, na maisha yake yote ataamini kwamba alimuua babake. Atazeeka nayo. Kwa sababu ya chupa!

Akashuka. Akachukua zile chupa mbili tupu chini ya kiti, akaziweka juu ya boneti mbele ya umati.

"Ni mimi," alisema. "Mzee hajakataa kitu. Nilimwaga hizi zote kwenye gia boksi asubuhi. Fundi wangu alinikataza, sikusikia. Nilijua tangu kule chini na nikanyamaza."

Macho yaliwatoka watu pima. Shangazi alitazama chupa, akamtazama Wayua, akazitazama chupa tena.

"Ulijua?" Sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi. "Ulituacha tukamhoji maiti, na ulijua?"

"Nilijua, Shangazi."

Lakini aliyepandwa na wazimu alikuwa Vincent. "Kumbe ningenyamaza!" alifoka, akaupiga mlango wa gari teke. "Nimepiga magoti mbele ya kijiji kizima kwa sababu ya oili? Mama Kiilu, umeniua! Nayafuta yale maneno. Sikuuza!"

"Unafuta?" Shangazi alimgeukia. "Unafuta nini, Vincent? Na hicho kidole gumba cha ndugu yangu nacho utakifuta? Nani kanunua? Taja jina lake!"

Vincent akaanza kupanda mlima kwa miguu, akiwakwepa. Shangazi akamfuata, na umati ukamfuata Shangazi, majembe na yote, maswali yakimpiga mgongoni hadi nyuma ya kona.

Wakesho hakwenda. Alisimama palepale, macho makavu, amepigwa na bumbuwazi.

"Nionyeshe," alisema.

"Nini, mwanangu?"

"Nionyeshe kwamba ni gari. Usiniambie tu."

Wayua alifungua boneti, akachomoa kijiti cha oili ya gia boksi, akamletea. Oili ilikuwa imepita alama mbali sana, na yote ilikuwa mapovu matupu, kama sabuni ya kufulia iliyopigwa. Wakesho akaigusa kwa kidole. Akaisugua, akainusa. Akatazama kidole chake kwa muda mrefu sana.

"Povu haliwezi kusukuma gari," Wayua alisema. "Gari likipoa nitafungua nati ya chini nipunguze oili. Tutafika. Najua hutaniamini tena, wewe wala mtu mwingine, lakini tutafika."

Wakesho alizunguka nyuma, akapanda, akaketi kando ya jeneza. Halafu kilio kikamtoka, kikubwa, cha mtoto aliyefiwa na babake na si kitu kingine: "Baba! Baba yangu wee!"

Wayua alichukua spana, akatandika gunia chini ya gari, akangoja chuma kipoe.